Mtoto Mgongoni, Mtoto Kifuani

Kilichonirudisha mtoni ni doli la plastiki lenye jicho moja. Binti yangu alilileta pale ninaposhonea, Marshalltown, kwenye kibaraza cha jengo la ofisi ambapo mlinzi wa mlangoni ananiacha niweke cherehani yangu. Ilikuwa mwaka 2017, baridi ya Juni, ile ya Joburg inayokausha midomo mpaka ukicheka inapasuka. Akaliweka doli juu ya kitambaa nilichokuwa nakata, akasema, "Ma, mwalimu anasema unifundishe kubeba mtoto mgongoni. Vile mnafanya kule kwenu."

Kule kwenu. Nimemzaa mimi, halafu mimi nina kwetu na yeye ana kwao. Haya.

Anasikia Kiswahili chote, huyu mtoto, hata matusi, lakini kujibu anajibu kwa Kiingereza na Kizulu. Hapa namwandika kama vile alinijibu kwa lugha yangu. Niache nijifurahishe kidogo.

Shule yake ni ya kanisa, iko Newtown katika jengo lililokuwa ghala. Vitabu wanaletewa na Waamerika wenye moyo mzuri, ndiyo maana watoto wanaozaliwa hapa, wa Kongo, wa Burundi, wa Kenya, wanasoma habari za Amerika kabla ya kujua mto uliowanywesha mama zao. Muhula ule walikuwa wanasoma safari ya makapteni wawili waliotumwa kwenda magharibi, kutafuta njia ya kufika bahari ya upande wa pili. Mwisho wa muhula wangeigiza mbele ya wazazi. Mimi nilipewa kazi ya kushona makoti ya makapteni, yale yenye nyuzi zinazoning'inia mikononi kama mvua. Na binti yangu alipewa kuwa yule msichana mwenyeji aliyewaongoza akiwa na mtoto mchanga mgongoni.

"Kwa nini na mtoto?" nikamuuliza, nikiwa na pini mdomoni.

"Mwalimu anasema wenyeji wakiona mwanamke na mtoto walikuwa wanajua hawa hawakuja kupigana. Kwa hiyo wakawapa samaki. Na farasi."

Nilitoa pini mdomoni. Wewe uliyezaliwa upande wa kwetu, kwenye milima ya Kongo iliyo magharibi ya ziwa, labda umeshajua kwa nini. Wewe mwingine, kaa nikueleze.

Bibi yangu, Nkambo kama mabibi wote wanavyoitwa kwetu, alikuwa mvushaji. Si wa mtumbwi. Mto wetu haukukubali mtumbwi, ulikuwa na mawe kama meno ya mzee, moja hapa, moja kule, na katikati yake maji baridi ya kung'ata magoti. Mto ule ulikuwa na njia moja ya kupita kwa miguu, na njia hiyo ilihama kila baada ya mvua kubwa. Nkambo aliitafuta upya kila mwaka kwa fimbo yake ndefu nyeusi, akigusa, akisikiliza, akigusa. Mgeni hakupita peke yake. Alisimama ng'ambo akaita, na Nkambo akamjibu kutoka kwenye kinu, bila kuacha kutwanga: "Uko na nani?" Hakuuliza wewe ni nani. Aliuliza uko na nani. Alisema mtu anaweza kudanganya jina lake, lakini hawezi kuwaficha alioandamana nao.

Mimi nililelewa naye pale kivukoni, pamoja na mdogo wangu wa kike, maana mama alikuwa amefariki na baba alikwenda kutafuta kazi ya migodi, kazi ikampata, hakurudi. Nakumbuka harufu ya mihogo iliyolowekwa kwenye vidimbwi vya kando, harufu ambayo mgeni anaziba pua na mwenyeji anasikia njaa. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kuitoa, kuimenya ile ngozi laini inayoteleza kama sabuni, na kuianika juu ya miamba ya ng'ambo, penye jua. Kisha kufukuza mbuzi. Kisha kubeba mdogo wangu. Kisha kufukuza mbuzi tena. Mchana tulikula ugali na sombe, majani ya mihogo yaliyopikwa kwa mawese, na siku za neema kulikuwa na ndakala, dagaa wetu wakavu, waliokaangwa mpaka vichwa vinavunjika kama biskuti. Mvua za kwanza zikija tuliokota uyoga. Nimekula vitu vingi tangu hapo, hata vile vya kwenye masahani ya watu, lakini ulimi wangu bado unangoja uyoga ule.

Shule ilikuwa chumba kimoja cha misheni, upande wetu wa mto. Mwalimu alikaa ng'ambo. Kila Jumatatu Nkambo alimvusha, suruali imekunjwa mpaka mapajani, viatu vimefungwa kamba shingoni, amemshika Nkambo bega kama mtoto anayejifunza kutembea. Halafu anajifuta, anavaa viatu, anaingia darasani, anafungua ramani na kutufundisha kwamba mto wetu uligunduliwa na mzungu mwenye kofia. Nilirudi nyumbani nikamweleza Nkambo. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Aligundua? Mwanamume alipotea! Nkambo wangu mimi ndiye alimvusha, akiwa na homa, analia kama mbuzi. Mtu aliyepotea akiona moshi wa jiko lako, akala, akalala, akaenda kwao kusema amegundua nyumba yako, utamwitaje?"

Jumatatu iliyofuata alimwuliza mwalimu palepale katikati ya maji: "Mwalimu, leo tena umegundua mto?" Mwalimu naye akacheka, akateleza, akazamisha kiatu kimoja. Hakuwa mtu mbaya. Alifundisha alichopewa.

Sasa, juu ya kilima, mwendo wa kupandisha kutoka kivukoni, kulikuwa na kijiji tulichokiita kijiji cha juu. Watu wa huko walikuwa na woga wa zamani, woga waliourithi tangu siku za kukamatwa na kufungwa minyororo. Mgeni akipandisha peke yake, wanaume walishika mikuki. Kwa hiyo desturi ilikuwa hii: Nkambo akishamvusha mgeni mwema, anamfunga mtoto mgongoni na kutangulia mbele yake. Mtoto yeyote aliyekuwa karibu. Mimi nilibebwa, na baadaye mdogo wangu. Watu wa juu wakiona mtoto yuko mgongoni kwa Nkambo, wanaendelea kutwanga. Walisema, "Mtoto akiwa mgongoni, mkuki hubaki ukutani."

Lakini msemo ule ulikuwa na nusu ya pili, ambayo haikusemwa mbele ya wageni. "Akihamia kifuani, acha chungu motoni." Kwa nini kifuani? Kwa sababu mwanamke anayekimbizwa humleta mtoto mbele, ili kinachotoka nyuma kimkute yeye kwanza.

Hiyo nusu ya pili nilifundishwa na Nkambo nikiwa bado natembea uchi. Aliniambia kama mtu anavyokuambia usiguse jiko. Hakuirudia.

Watu wa habari hii nawaita kwa kazi zao, maana kwetu mtu mzima haitwi jina lake hovyo. Mmoja tu nitamtaja. Kisimba. Kapita Kisimba, msimamizi wa kazi za chifu, mwana wa palepale kivukoni, aliyelishwa na Nkambo mama yake alipougua. Heshima ya kufichiwa jina siwezi kumpa.

Kilikuwa kiangazi, maji yameshuka. Askari wa serikali waliacha lori lao barabara ilipoishia, wakaja kwa miguu mpaka ng'ambo, tulipokuwa tunaanika mihogo. Ilisemekana kijiji cha juu kinaficha waasi. Wengine walisema ni dhahabu. Mimi nilikuwa na akili ya kufukuza mbuzi tu, lakini niliona kwamba mtu wa kwanza kumkamata mbuzi wetu hakuwa askari. Alikuwa Kisimba. Mbuzi walimla palepale kwenye miamba ya mihogo, mafuta yakadondokea unga wetu.

Askari hawakujua chochote kuhusu sisi. Walitoka mbali, walisema Kilingala, waliogopa mto kama tulivyoogopa bunduki zao. Wangepandisha kilima wakiwa wao wenyewe, watu wa juu wangewaona wakiwa bado bondeni na kupotelea msituni, basi. Nani aliwaambia kuhusu mtoto mgongoni? Nimejiuliza kwa miaka, si kwa sababu sijui jibu. Nilikuwa nimesimama pale. Kisimba alijifuta mdomo kwa kiganja, akamwambia komanda wao, aliyejua Kiswahili kidogo, "Mtangulize huyu bibi na mtoto. Wakimwona hivyo hawatakimbia." Kisha akamgeukia Nkambo kwa sauti ya kanisani: "Mama, hawa ni wageni wa serikali. Funga mtoto mgongoni, utangulie, kama siku zote."

Nkambo alimtazama. "Kisimba. Uko na nani?"

Kisimba alitazama mbuzi aliyebaki mifupa.

Nkambo akamfunga mdogo wangu mgongoni. Mimi nikafuata nyuma yake nikiwa nimeshika pindo la kitenge. Akawavusha wote, mmoja mmoja, jiwe kwa jiwe, na alifanya kazi yake vizuri, hakumwacha hata mmoja ateleze. Kisimba alikuwa wa mwisho. Tangu utotoni alikuwa anaogopa maji. Alijifunga viatu shingoni na kubaki nyuma sana akipapasa kila jiwe, na komanda hakutaka kumngoja.

Tulipandisha. Tukiwa tumekaribia kona ya mwisho, pale kijiji kinapoanza kusikika, Nkambo alikohoa, akasimama, akapapasa mgongo. "Mtoto amenilowesha," akasema. Askari mmoja akacheka, akasema neno la Kilingala ambalo lazima lilikuwa chafu, akageuka pembeni. Nkambo akafungua kitenge, akamzungusha mdogo wangu, akamfunga upya. Kifuani. Nakumbuka uso wa mdogo wangu ulivyofurahi kukutana na uso wa Nkambo, akamshika pua.

Tukapita kona.

Nilichosikia kwanza ni vinu. Kijiji kizima kilikuwa kinatwanga, unajua ile sauti, mmoja anaangusha mwingine anapokea. Kisha kinu kimoja kikanyamaza. Kisha cha jirani yake. Vikaenda vikinyamaza namna hiyo kutoka mlango hadi mlango, bila mtu kupiga kelele, mpaka ikabaki sauti ya kuku peke yao. Tulipoingia uwanjani hapakuwa na mtu. Chungu cha maharage kilikuwa kinachemka. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeanguka njiani, na mchi mmoja ulikuwa bado umesimama wima ndani ya kinu.

Askari walizunguka nyumba tupu wakitukana. Wangeweza kuamini kwamba kijiji kilihama zamani. Walikuwa wajinga wa kutosha. Ndipo Kisimba akafika, anahema, viatu bado shingoni. Akatazama chungu. Akamtazama Nkambo, akaona mtoto yuko wapi.

Angeweza kunyamaza. Hilo ndilo ninalomdai mpaka leo, kimya tu, hata ujasiri sikumwomba. Akanyoosha kidole: "Amewaambia. Huyu mzee amewaambia kwa mtoto!"

Walimpiga kwa fimbo yake mwenyewe, ile nyeusi ya kuvushia, mpaka ikavunjika. Aliwahi kunipa mdogo wangu kabla ya pigo la kwanza. Kisha walichoma kijiji cha juu. Wanawake wawili wa kwetu walimteremsha Nkambo kwa machela ya kitenge. Hakutembea tena, na uyoga wa mwaka ule hakuuona.

Watu wa juu walipona, nyumba hazikupona. Walihamia mbali na hawakurudi. Mto ulibaki bila wa kuutafutia njia. Mvua za kwanza zikahamisha mawe, Jumatatu ikafika, mwalimu akasimama ng'ambo akaita. Hakuna aliyemwuliza yuko na nani. Aliita mara kadhaa, akakaa juu ya jiwe, akavua viatu, akavivaa tena, akarudi. Hapo ndipo masomo yangu yaliishia. Kwa hiyo ukiona nimekosea kuandika, usinilaumu mimi. Mlaumu Kisimba.

Yeye aliendelea vizuri sana. Aliwekwa kuwa mkubwa wa eneo, alijenga nyumba ya bati, alizeeka na meno yote. Alipokufa nilipigiwa simu hapahapa Joburg. Waliniambia mhubiri alimsifu kaburini kwa kuwa mtu wa kupokea wageni.

Nimeishi vya kutosha kujua kwamba adui hajui njia. Hata duka letu dogo la spaza kule Soweto, lililomalizwa mchana kweupe siku za kuwashambulia wageni, waliolivunja hawakujua mlango wa nyuma uko wapi. Jirani wa ukuta mmoja, aliyenunua mkate kwetu kila asubuhi na kuniita dada, ndiye aliyewaonyesha. Kila mahali pana Kisimba wake.

Haya yote nilimweleza binti yangu pale kibarazani huku nikimfunga doli mgongoni, pindo la juu chini ya kwapa, pindo la chini kiunoni, kaza. Watu walipita na kahawa zao. Nilipomaliza akageuza shingo kulitazama doli.

"Haibo, Ma. Sasa nimweke wapi?"

"Mwalimu wako amesema mgongoni."

Nilipopeleka makoti shuleni nilimwuliza huyo mwalimu mwenyewe. Ni Mkenya, mama mzuri, anavaa miwani ya kuning'inia, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nikamwambia, "Mwalimu, hawa makapteni wakishafika baharini, nini kinafuata?"

"Wanaimba wimbo, Mama, halafu tunapiga makofi."

"Wale waliowapa samaki na farasi. Wao walipata nini?"

Akavua miwani. Alielewa, sitamsingizia. "Waliokuja nyuma ya hao waliwanyang'anya ardhi, Mama. Waliwaua, wengine waliwafungia sehemu kama mifugo. Najua. Lakini hiyo ni ya madarasa ya juu. Hawa ni watoto, hatutaki wazazi waone watoto wao wakilia jukwaani."

"Sisi tulilia tukiwa wadogo kuliko hawa."

"Pole, Mama. Kweli, pole. Lakini ni mchezo tu. Ahakikishe anatabasamu, na mtoto awe mgongoni vizuri."

Nikasema sawa. Makoti yalimpendeza. Nyuzi zilikuwa zimeshonwa moja moja.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Akina mama walivaa vya Jumapili, mzee wa kanisa alikaa mbele, simu zote ziliinuliwa juu. Milima ilikuwa ya maboksi yaliyopakwa rangi ya kahawia, na mto ulikuwa shuka la buluu lililotikiswa na watoto wawili. Upande wa kulia walikaa wenyeji, watoto wenye manyoya ya kuku vichwani, wamepakata vikapu vya samaki wa karatasi. Mwalimu aliwafundisha kwamba mgeni akifika wainuke pamoja na kutoa.

Binti yangu akatokea, anatabasamu kama alivyoagizwa, doli mgongoni, makapteni nyuma yake ndani ya makoti yangu. Akavuka shuka la buluu. Nikaona anagusa chini kwa kijiti, anasikiliza, anagusa tena, na hilo hakuna aliyemfundisha pale shuleni. Akafika kwenye mlima wa maboksi. Akakohoa.

"Mtoto amenilowesha," akasema. Kwa Kiswahili! Huyu asiyenijibu Kiswahili hata nikimpa chakula.

Watu wakacheka. Akafungua kitenge, akalizungusha lile doli la jicho moja, akalifunga kifuani na kukaza kama nilivyomwonyesha. Hakuwa anatabasamu tena. Kapteni wa kwanza akamgonga mgongoni, wa pili akamgonga wa kwanza, ukumbi ukazidi kucheka. Mwalimu alinyoosha shingo kutoka pembeni ya pazia: "Mgongoni! Mrudishe mgongoni!" Binti yangu akapita kona ya boksi, akasimama mbele ya wale wenyeji wadogo, akiwatazama mmoja mmoja.

Nao wakainuka pamoja, kama walivyofundishwa, wakatabasamu, wakatoa samaki.

Nimesikia siku hizi kuna daraja la chuma pale kwetu, lililojengwa na watu wa dhahabu. Malori yanapita bila kuita. Miamba ya mihogo wameilipua kwa baruti kupata kokoto, na waliojua nusu ya pili ya ule msemo wamelala kwenye makaburi ya nchi mbalimbali. Binti yangu aliisema kama inavyosemwa, hakukosea hata kidogo, na pale mbele yake hapakuwa na mtu wa kuacha chungu motoni.

Ila mmoja. Makofi yalipoanza nilishtuka nimesimama. Mkoba uko kwapani, kiatu kimoja kimebaki chini ya kiti, na nimeshafika nusu ya njia ya kwenda mlangoni, nawapitia watu magoti bila kuomba radhi. Mama mmoja alinivuta sketi, akaninong'oneza, "Kaa, Mama, bado hawajafika baharini." Sikukaa. Katika ukumbi ule wote, kijiji cha juu kilikuwa mimi peke yangu.